Waliooga na Waliowasha Moto: Kilatini cha Hamamu

Mwaka 387, katika mji wa bandari wa Ostia karibu na Roma, Mwafrika mmoja alimzika mama yake kisha akaenda kuoga. Huyo alikuwa Augustino, mzaliwa wa Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras nchini Algeria. Mama yake ni yule Monika ambaye Wakatoliki humjua kama msimamizi wa akina mama. Katika kitabu chake cha Maungamo, Augustino anasimulia kwamba aliingia hamamu kwa sababu aliwahi kusikia kuwa neno la Kilatini balneum limetoka kwa Wagiriki, na kwamba Wagiriki waliiita hamamu balaneion kwa kuwa inafukuza huzuni moyoni. Akaoga. Akatoka na uchungu uleule aliokuwa nao alipoingia. Kilichompunguzia ni usingizi wa usiku ule.

Wanaisimu wa leo hawayakubali maelezo hayo ya asili ya neno. Hata hivyo, kisa kinatueleza jambo kubwa: katika dola ya Kirumi mtu aliyefiwa, aliyefurahi, aliyetaka kusikia habari za mjini au kumwomba mkubwa fadhila, wote walikwenda mahali pamoja. Kuoga kulikuwa shughuli ya watu wengi, kwa saa nyingi, na Kilatini kiliipa kila hatua ya shughuli hiyo jina lake. Nimeyafuata majina hayo kwa mapenzi makubwa, na kila nilipofika nimekuta watu wa aina mbili: anayeoga, na anayemwogesha mwenzake. Historia imemtunza wa kwanza. Makala haya yanataka kumtazama wa pili pia.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko Kilatini. Sisi huoga mwili, hunawa mikono, hufua nguo, huosha vyombo, hutawadha kabla ya sala, husukutua kinywa, husuuza bakuli. Mrumi alikuwa na lavare kwa karibu hayo yote: mikono, nguo, farasi, maiti. Alipotaka kusema kwamba anaoga mwili mzima, mara nyingi alikigeuza kitenzi hicho kuwa lavari, umbo la kutendwa, kana kwamba kuoga ni jambo linalomfikia mtu kutoka kwa mwingine. Na kwa mwenye mali ndivyo ilivyokuwa hasa. Wasomaji wa Biblia wanaweza kuiona tofauti ya lugha hizi mbili katika Yohana 13, Yesu anapowaosha wanafunzi miguu. Kilatini kinatumia lavare tangu mwanzo hadi mwisho wa habari, lakini wafasiri wa Biblia ya Union walichagua kutawadha kwa miguu na kuoga kwa mwili mzima, na maana ikakaa wazi zaidi. Beseni la maji katika habari hiyo kwa Kilatini linaitwa pelvis. Madaktari waliuazima msamiati huo wa kuogea wakaita mifupa ya nyonga jina hilo, kwa kuwa umbo lake ni la beseni.

Kilatini kilifidia uchache wake wa vitenzi kwa viambishi vya mwanzoni. Abluere ni kuosha uchafu hadi uondoke, eluere ni kuutoa ndani ya chombo, perluere ni kuosha kila mahali, diluere ni kuyeyusha au kuzimua kwa maji. Kutokana na diluere kukazaliwa diluvium, neno ambalo Biblia ya Kilatini inalitumia kwa gharika ya Nuhu.

Lakini neno linalonigusa zaidi katika ukoo huu ni lautus. Maana yake ya kwanza ni “aliyeoshwa”. Baadaye likawa na maana ya mtu nadhifu, kisha mtu wa maisha ya juu, na karamu ya gharama ikasifiwa kwa neno hilohilo. Kinyume chake ni sordidus, mwenye uchafu, ambalo nalo lilihama kutoka kwenye ngozi likaingia kwenye tabaka. Cicero, katika kitabu alichomwandikia mwanawe kuhusu wajibu mwaka 44 KK, analitumia kwa kazi za vibarua wa ujira na za wachuuzi. Mtu aliyechota maji, aliyebeba kuni na aliyemkanda bwana mgongo alihesabiwa mchafu, na bwana aliyetoka majini akaitwa safi. Kilatini kilisema hivyo bila haya, na ni vizuri tukumbuke tunapoyasifu majengo yao.

Warumi wa zamani hawakuwa na majengo hayo. Nyumbani walikuwa na lavatrina, chumba kidogo cha kuoshea kando ya jiko. Neno hilo likafupishwa kuwa latrina, na maana yake ikateleza hadi chooni, ambako imebaki katika lugha nyingi za Ulaya. Seneca, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wa Nero, aliwahi kulala katika nyumba ya mashambani iliyokuwa ya Scipio, jemadari aliyemshinda Hannibal wa Karthago huko Zama mwaka 202 KK. Katika barua yake anaeleza alivyokiona chumba cha kuogea cha shujaa huyo: chembamba, cha giza, chenye matundu badala ya madirisha. Anaongeza kwamba wazee wa Roma walinawa mikono na miguu kila siku kwa ajili ya uchafu wa shambani, na mwili mzima waliuogesha siku ya gulio, lililokuja kila baada ya siku nane.

Kisha mji ukakua. Varro, mwanazuoni wa karne ya 1 KK, anaeleza kwamba balneum ya umoja ilikuwa ya nyumbani kwa mtu, na balneae ya wingi ikawa ya umma, kwa sababu ya umma ilikuwa majengo mawili yaliyoungana, moja la wanaume na moja la wanawake. Agrippa, rafiki na mkwe wa Augusto, alipokuwa afisa wa mji mwaka 33 KK aliwafungulia watu hamamu 170 bure. Baadaye alijenga yake mwenyewe na kuiletea maji kwa mfereji wa Aqua Virgo, uliokamilika mwaka 19 KK na ambao hadi leo unailisha chemchemi ya Trevi. Kwa majumba makubwa ya namna hiyo likatumika neno jipya, thermae, kutoka neno la Kigiriki la joto. Nero alijenga, Tito akajenga, Trajano akajenga kwa ramani ya Apollodorus wa Damasko, Caracalla akafungua yake mwaka 216, na Diocletian akawapita wote mwanzoni mwa karne ya 4. Orodha za mitaa ya Roma za karne hiyo zinataja thermae 11 na balnea 856. Abiria anayeshuka leo katika stesheni kuu ya Roma, Termini, anashuka kwenye jina la hamamu ya Diocletian, ambayo magofu yake yako ng'ambo ya uwanja, na ukumbi wake mkubwa umekuwa kanisa kwa mkono wa Michelangelo.

Mambo yaliendaje humo ndani? Shahidi mzuri kuliko wote ni kitabu cha shule. Watoto na watu wazima waliojifunza Kilatini na Kigiriki walikuwa na mazungumzo mafupi ya kukariri, yaliyopangwa kwa safu mbili, lugha moja upande huu na nyingine upande ule. Mnamo 1495 msomi Conrad Celtes alinakili mojawapo katika maktaba ya monasteri ya Sponheim, Ujerumani, na toleo la kisasa la mazungumzo hayo limehaririwa na Eleanor Dickey. Somo la hamamu ni amri tupu. Bwana anaagiza avuliwe viatu. Anaagiza nguo zipokewe na zilindwe vema, na mlinzi asilale, kwa sababu wezi wapo. Anapakwa mafuta, anaingia chumba cha jasho, anashuka katika birika la maji ya moto, anakwenda kwenye maji baridi, anakwanguliwa, anakaushwa kichwa na miguu. Mwanafunzi alijifunza sarufi na papo hapo akajifunza nani anamwamuru nani.

Chumba cha kuvulia nguo kiliitwa apodyterium, kwa Kigiriki mahali pa kuvua. Kutoka hapo msamiati unageuka kipimajoto: frigidarium ni chumba cha baridi, tepidarium cha uvuguvugu, caldarium cha moto, sudatorium cha jasho. Joto kali na kavu lilikuwa katika laconicum, jina linalotaja Wasparta, watu wa Lakonia. Bwawa la kuogelea liliitwa natatio, au piscina, neno ambalo mwanzoni lilikuwa bwawa la samaki na ambalo Waitaliano na Wareno wanalitumia hadi leo kwa bwawa la kuogelea. Bakuli kubwa la maji ya kujimwagia liliitwa labrum. Katika Hamamu za Jukwaa la Pompeii labrum la marumaru bado lipo, na herufi za shaba ukingoni zinataja waliosimamia na gharama yake, zaidi ya sestertii 5,000. Chumba cha pili cha hamamu hiyo kina mabenchi ya shaba yaliyotolewa na tajiri Nigidius Vaccula. Yamepambwa kwa ng'ombe, kwa kuwa jina Vaccula lina maana ya ng'ombe mdogo, na mwenyewe alitaka kila aliyeketi amkumbuke.

Wezi wale wa somo la shule walikuwa kweli tupu. Digesta, mkusanyo wa sheria uliotangazwa na mfalme Justiniano mwaka 533, una kichwa kizima juu ya wezi wa hamamu, fures balnearii. Katika chemchemi ya moto ya Aquae Sulis, ambayo sasa ni mji wa Bath nchini Uingereza, wachimbaji walikuta vibati vya risasi vipatavyo 130, vingi vikiwa maombi kwa mungu wa kike Sulis Minerva amwadhibu mwizi. Mtu aitwaye Solinus analalamika humo kwamba ameibiwa vazi lake la kuogea na joho lake, na anaomba mwizi asipate usingizi wala afya mpaka avirudishe. Nikisoma vibati hivyo nakutana na Kilatini cha watu wa kawaida, chenye makosa ya tahajia, cha mtu anayetetemeka kwa baridi bila nguo. Kwangu kina thamani sawa na cha Cicero.

Aliyelipwa kuzuia wizi huo ni capsarius, mlinda nguo. Waraka wa bei wa Diocletian wa mwaka 301 unampa denarii 2 kwa kila anayeoga, na mhudumu wa hamamu ya kulipia, balneator, denarii 2 vilevile. Kwa kulinganisha, waraka huohuo unamkadiria kibarua wa shambani denarii 25 kwa siku pamoja na chakula. Kuna unctor pia, mpaka mafuta, na alipilus, mng'oa nywele za kwapa. Seneca aliwahi kukaa juu ya hamamu na anamtaja huyu wa mwisho akipaza sauti nyembamba kutafuta wateja, asinyamaze mpaka apate wa kumng'oa, na hapo mteja ndiye anayepiga kelele kwa zamu yake. Anataja pia wauza soseji na wauza vitumbua, kila mmoja na mwito wake, na makofi ya mkandaji juu ya mabega.

Sabuni haikuwemo. Mrumi alijipaka mafuta ya zeituni kutoka kichupa kilichoitwa ampulla, akacheza au akakaa kwenye joto hadi atoke jasho, kisha akajikwangua kwa strigilis, chuma kilichopinda kama mundu mdogo butu. Mafuta, jasho na vumbi vilitoka pamoja. Kwa ngozi ya uso kulikuwa na lomentum, unga wa maharagwe, neno lililotoka moja kwa moja kwenye lavare. Akina mama wa pwani wanaojua singo wataielewa bila maelezo marefu. Neno sapo lilikuwepo, lakini Plinio Mkubwa, akiandika miaka ya 70, anasema ni kitu cha Wagalia, kilichotengenezwa kwa shahamu na majivu, na kilitumika kuzipa nywele wekundu. Shahamu bora, anasema, ni ya mbuzi. Ilichukua karne kadhaa kitu hicho kikawa cha kuogea. Neno likapita kwa Wagiriki, likafika kwa Waarabu likiwa sabun, na Waarabu wakatuletea pwani. Sabuni ya Mswahili, basi, ni jamaa ya sapo ya Plinio. Na losheni tunayojipaka baada ya kuoga imepitia Kiingereza kutoka lotio, uoshaji, mtoto mwingine wa lavare.

Sasa tushuke chini ya sakafu, maana huko ndiko hamamu ilikoishi. Hypocaustum, kwa Kigiriki “kinachowaka chini”, ilikuwa nafasi iliyoachwa chini ya sakafu ili moshi wa moto na hewa ya moto vipite. Vitruvius, mhandisi wa zama za Augusto, anatoa vipimo: nguzo fupi za matofali zenye urefu wa futi 2, zikatandikwa matofali mapana ya futi 2, na juu yake sakafu. Baadaye mabomba ya udongo ya pembe nne yalipachikwa ndani ya kuta, na ukuta wenyewe ukawa na joto. Juu ya tanuri Vitruvius anataka viwekwe vyombo vitatu vya shaba vilivyounganishwa, cha moto, cha vuguvugu na cha baridi, ili maji yaliyotoka katika kimoja yajazwe na kinachofuata. Hapakupotea kitu. Ni uhandisi wa akili sana, na wachomaji chokaa na wafinyanzi wa kwetu wangeuthamini.

Mlango wa moto uliitwa praefurnium, na aliyekaa hapo ni fornacator, mchochea moto. Alikaa katika njia nyembamba yenye moshi, akisukuma kuni tangu alfajiri, ukuta mmoja tu ukimtenga na watu waliolala juu ya mawe ya joto. Kwenye vitabu vya fasihi hana jina. Wanasheria ndio wanaotuonyesha hali ya wenzake: walipojadili wosia wa mtu aliyemwachia mwingine vifaa vya hamamu, waliamua kwamba balneator naye, akiwa mtumwa, ni sehemu ya vifaa hivyo, kwa hoja kwamba hamamu haiwezi kutumika bila yeye. Yaani walikiri kuwa bila mtu huyu kazi haiendi, na kwa sababu hiyohiyo wakamhesabu pamoja na masufuria. Mfalme Trajano naye, akimjibu gavana wake Plinio Mdogo aliyeuliza afanye nini na wafungwa wazee huko Bithynia, alishauri wapewe kazi zinazokaribia adhabu, akataja tatu: hamamu, kusafisha mifereji ya maji machafu, na kutengeneza barabara.

Huyu Plinio Mdogo ndiye aliyetuachia pia kisa cha Larcius Macedo, seneta ambaye baba yake alikuwa mtumwa na ambaye hata hivyo aliwatesa watumwa wake. Siku moja akiwa hamamuni nyumbani kwake walimzingira, wakampiga, kisha wakamtupa juu ya sakafu ya moto ili waone kama bado yu hai. Alijifanya amekufa, akatolewa, akaishi siku chache hata akawaona wakiadhibiwa. Plinio anakisimulia kwa hofu ya bwana. Mimi nikikisoma naiwazia ile sakafu, na wale waliolijua joto lake kwa sababu ndio walioipasha.

Lazima tuseme pia lililo jema, kwa kuwa ni kubwa. Bei ya kawaida ya mwanamume mjini Roma ilikuwa quadrans, sarafu ndogo kuliko zote. Katika kijiji cha wachimba madini cha Vipasca, sasa Aljustrel nchini Ureno, kibati cha shaba cha zama za mfalme Hadriano kinaweka masharti: wanawake waoge tangu asubuhi hadi saa ya 7 kwa sarafu moja ya as, wanaume tangu saa ya 8 hadi saa 2 za usiku kwa nusu as. Masaa hayo yalihesabiwa kuanzia macheo, kama tunavyohesabu sisi. Mpangaji apashe maji moto kila siku, na kila siku 30 asugue vyombo vya shaba na kuvipaka mafuta mapya. Watoto na askari waliingia bila malipo. Wanawake, utaona, walilipa mara mbili. Lakini kijiji cha machimbo kuwa na maji ya moto kila siku kwa sheria iliyochongwa kwenye shaba ni jambo ambalo miji mingi ya leo haijalifikia.

Kuna kisa cha Hadriano mwenyewe aliyemwona askari mzee akijisugua mgongo ukutani kwa kukosa wa kumsugua. Akampa watumwa na fedha ya kuwatunza. Siku ya pili wazee kadhaa wakawa wanajisugua ukutani. Mfalme akawaita, akawaambia wasuguane wao kwa wao. Watu husimulia kisa hiki ili kucheka. Kwangu wazee wale waliambiwa jambo la maana, kwamba mgongo wa mtu unaweza kusuguliwa na mwenzake bila kuwepo mtumwa.

Afya, kwa bahati mbaya, haikufuata uzuri wa majengo. Celsus, mwandishi wa utabibu wa karne ya 1, alionya kwamba mwenye kidonda kibichi akioga, jeraha huweza kuoza. Marko Aurelio, mfalme aliyekuwa na kila aina ya hamamu, aliandika katika daftari lake kwamba ukiangalia vizuri kuoga ni mafuta, jasho, uchafu na maji yenye utando. Wagonjwa waliandikiwa hamamu kama dawa, wakashuka katika birika moja na wazima.

Madobi nao wana sura yao. Dobi wa Kirumi ni fullo, na karakana yake fullonica. Ya Stephanus kule Pompeii bado ina mabirika yake. Nguo za sufu zililowekwa katika maji yenye mkojo uliochacha, ambao amonia yake hukata mafuta, na wafanyakazi wakazikanyaga kwa miguu kwa saa nyingi. Kisha zilisuuzwa, zikatandazwa juu ya tenga la fito na kufukizwa salfa, zikapakwa udongo mweupe. Mfalme Vespasiano alipoutoza kodi mkojo huo, mwanawe Tito alilalamika, naye akampelekea puani sarafu za makusanyo ya kwanza amwambie kama zinanuka. Wanasiasa waliotafuta kura walimpelekea fullo majoho yao ayang'arishe kwa chaki, na kwa weupe huo, candidus, mgombea akaitwa candidatus. Kulingana na Livio, tayari mwaka 432 KK sheria ilikataza weupe huo wa kutafutia kura. Kila lugha ya Ulaya inayomwita mgombea kandidati inataja kazi ya dobi aliyekanyaga mkojo, na sijasikia mgombea akimshukuru.

Mwaka 537 jeshi la Wagothi chini ya Vitiges liliuzingira mji wa Roma na kukata mifereji ya maji. Hamamu kubwa zikakauka. Maneno, hata hivyo, yalitafuta makao mengine. Lavacrum, jina la kifahari la hamamu, lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na Wakristo kumaanisha ubatizo. Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa kitabu cha kwanza cha Kilatini juu ya sakramenti hiyo, alilitumia hivyo takriban mwaka 200. Padri akinawa mikono altareni alisali aya za zaburi zinazoanza na neno lavabo, “nitanawa”, na Waafrika Mashariki waliohudumu kwenye misa ya Kilatini, tangu enzi za misheni ya Bagamoyo ya 1868 hadi mageuzi ya miaka ya 1960, walilisikia karibu kila siku wakiwa wameshika beseni na kitambaa. Wafaransa wakaliita sinki la kunawia lavabo. Kwa njia hiyo Mswahili wa Lubumbashi au Bujumbura anayesema lavabo anatamka kitenzi kizima cha Kilatini, nafsi ya kwanza, wakati ujao.

Jengo lenyewe lilipitia mashariki. Waarabu wa zama za Umaya waliirithi sakafu ya moto na mfuatano wa vyumba. Qusayr Amra huko Jordan, ya karne ya 8, inaonyesha hilo. Kutoka kwenye mapokeo hayo, yakipita Uajemi, Seyyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, na Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini Unguja ile ambayo mtaa mzima umeichukulia jina, Hamamni. Aliyeoga humo alipita kutoka ubaridi kwenda joto kama alivyopita mtu wa Pompeii.

Yaliyosalia katika vinywa vya watu ni maneno ya starehe: piscina, losheni, lavabo, sabuni. Fornacator, capsarius, unctor na alipilus yamekufa na watu wake. Ninaomba jambo moja kwa walimu wa historia na kwa waongozaji wa wageni wa Hamamni na Kidichi. Mkimaliza kuwaonyesha watu kuba na mabirika, wapelekeni upande wa nyuma, pale moto ulipowashwa, muwaambie kwamba hapo alikaa mtu, na kwamba bila yeye hakuna sultani wala mfalme wa Roma aliyeoga maji ya moto.